Wasee wa Mombasa, Kubadilisha IP ya Kejani Si Kuhepa: Jua Kwanza Mnaitumia na Nani

Ukipita vichochoro vya Kibokoni ama Kuze siku hizi, inua macho kidogo. Kati ya zile roshani za mbao na kuta za mawe ya matumbawe utaona nyaya nyeusi za faiba zimefungwa moja juu ya nyingine, zinaingia dirisha hili, zinatokea lile. Mji wa Kale umeunganishwa, hilo halina mjadala. Na kila base yenye vijana na simu kuna swali linazunguka: manze, nitabadilishaje IP ya nyumbani?

Kila mmoja na sababu yake. Huyu amepigwa marufuku kwenye gemu, anataka kurudi kwa mlango wa nyuma. Yule akaunti yake ya kazi za mtandaoni imefungwa usiku na ganji iko ndani. Mwingine ameandika kitu kikali kuhusu gava kule X, sasa akisikia gari limesimama nje halali. Na kuna wale wa mpira tu, mechi inaanza saa nne na linki inasema "haipatikani katika nchi yako". Hawa wote wakiuliza mtaani wanapata jibu moja: zima ruta, hesabu mpaka kumi, washa tena.

Hilo jibu linafanya kazi kwa wengine. Kwa wengi wenu kisiwani halifanyi lolote, na kwa wachache linawapa ujasiri ambao unaweza kuwaingiza kwenye ngori. Kwa hivyo kaa chini, agiza kahawa chungu na kashata, tupige hii hesabu pole pole.

Sanduku la posta la mtaa mzima

Unakumbuka zamani shule nzima ilikuwa na sanduku moja la posta? Barua ya mwalimu mkuu, ya mpishi, ya mwanafunzi wa darasa la nane, zote zinaingia sanduku lile lile pale posta ya Digo Road, halafu mtu wa ofisi anazigawa. Mtu wa nje haoni jina la darasa lako. Anaona namba ya sanduku.

Intaneti ya nyumbani nyingi inaenda hivyo hivyo. Simu yako na laptopu ya dadako zina anwani za ndani, zile zinazoanza na 192.168 ama 10, ambazo ruta yenu imezigawa. Hizo haziendi popote nje ya nyumba. Ruta nayo inapewa anwani na kampuni ya intaneti. Hapo ndipo watu hukosea: wanadhani anwani ya ruta ndiyo dunia inaiona. Mara nyingi siyo. Kampuni inachukua mamia ya nyumba, inaziweka nyuma ya IP moja ya nje, na huo mtambo wa kugawana unaitwa CGNAT. Nyumba yako Ndia Kuu, nyumba ya mtu Tudor na duka la mtu Majengo zinaweza kutokea dunia nzima kama IP moja.

Kwa nini wanafanya hivyo? Si uchoyo. Mfumo wa IP wa zamani, IPv4, una anwani kama bilioni 4.3 pekee, na hizo ziligawanywa wakati Afrika bado tunapanga laini kupiga simu ya kibanda. Anwani za bara letu zinagawanywa na AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius. Januari 2020 AFRINIC iliingia hatua ya mwisho ya uhaba, na tangu hapo kampuni ikienda kuomba inapewa anwani 1,024 kwa wingi zaidi. Elfu moja na kitu! Kisiwa hiki hata Majengo peke yake ingezimaliza. Juu ya hapo, tangu 2021 AFRINIC yenyewe imekuwa kortini ikivutana na kampuni ya Cloud Innovation kuhusu mamilioni ya anwani, akaunti zake za benki zikafungwa kwa muda, na 2023 ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama.

Hapo ndipo napata kichekesho cha uchungu. Juni 2009 Rais Mwai Kibaki alikuja hapa hapa Fort Jesus kupokea waya wa TEAMS, kilomita takriban 5,000 kutoka Fujairah. Mwezi uliofuata Seacom ikawashwa. Baadaye zikaja EASSy, LION2, PEACE. Intaneti ya nusu ya Afrika Mashariki inapanda nchi kavu kwenye fukwe zetu. Tumeilipia hata kwa usumbufu: Februari 2012 meli ilishusha nanga pasiporuhusiwa nje ya bandari, ikaikata TEAMS. Waya unapita mlangoni, lakini kijana wa Mji wa Kale hana hata anwani yake mwenyewe. Anakaa kwa ya wengine kama mpangaji wa chumba cha nyuma.

Jipime kwanza

Kabla hujabadilisha chochote, jua unacho nini. Fungua ukurasa wa setingi za ruta (mara nyingi ni 192.168.1.1 ama ile namba iliyobandikwa chini ya ruta), tafuta palipoandikwa WAN, soma IP iliyo hapo. Halafu kwenye brauza tafuta "IP yangu ni ipi", linganisha.

Zikifanana, hongera, una sanduku lako mwenyewe. Zikitofautiana, na ile ya ruta inaanza na 10 ama iko kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT. Intaneti ya simu karibu yote ni hivyo. Starlink ya nyumbani pia, ukiwa umeweka sahani juu ya dari. Na usishtuke ukiona tovuti inasema uko Nairobi na wewe uko hapo Mzizima unakula viazi karai. Ramani za IP hufuata mahali kampuni ilipoandikisha anwani ama inapotolea trafiki, hazifuati kitanda chako. Wateja wa Starlink wa Kenya waliliona hili vizuri: mpaka Januari 2025, kampuni ilipofungua kituo chake Nairobi, trafiki yao ilikuwa inatokea vituo vya nchi nyingine, na tovuti zikawa zinawaona kama wageni.

Sasa kubadilisha. Kama una IP yako mwenyewe na si ya kudumu, kuzima ruta kunaweza kukupa mpya, lakini kuhesabu mpaka kumi hakutoshi. Kampuni hukukodisha ile IP kwa muda fulani, na ukirudi kabla muda haujaisha inakutambua na kukurudishia ile ile. Zima usiku kucha, washa asubuhi ukinunua mahamri. Ruta zinazoingia kwa jina na paswadi, zile za PPPoE, hupata mpya haraka zaidi ukikata na kuunganisha. Ikigoma, piga simu huduma kwa wateja, waambie wakuburudishie. Ni haki yako kuuliza, si jinai.

Kama uko nyuma ya CGNAT, kuzima ruta kunabadilisha tu ile anwani ya ndani ya kampuni. Ile ya nje unaweza kurudishiwa ile ile ama ukapewa nyingine ambayo watu mia mbili walikuwa wanaitumia jana. Njia ya haraka ni kuhama laini: washa hotspoti ya simu, basi, umeshatoka kwa IP nyingine. Haigharimu kitu zaidi ya bando.

Ukitaka kinyume chake, yaani IP isiyobadilika, kwa mfano una duka Biashara Street na unataka kuona kamera ukiwa Likoni, utaomba IP ya kudumu na utalipa zaidi. Bila hiyo, kamera itabidi ipite kwenye seva za kampuni iliyoitengeneza. Na ukiipata, badilisha paswadi ya kamera siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilikusanya mamia ya maelfu ya kamera na ruta zilizoachwa na paswadi za kiwandani, zikatumiwa kuangusha Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Ni vifaa vya watu wa kawaida kama wewe.

Kitu ambacho hakibadiliki

Ukibadilisha IP halafu ukaingia TikTok kwa akaunti ile ile, umefanya nini? Umebadilisha kanzu, sura ni ile. Tovuti kubwa haikutambui kwa IP peke yake. Inaangalia akaunti, vidakuzi vilivyobaki kwenye brauza, aina ya simu, lugha, ukubwa wa skrini, na ukiipa ruhusa, GPS. Gemu nyingi zikikufungia zinafungia akaunti au kifaa. Wale wanaokuuzia "huduma ya kubadilisha IP" kwa thao moja hawakuambii hivyo.

Upande wa pili wa shilingi, IP inayogawanywa inakuadhibu kwa makosa ya jirani. Zile picha za "chagua taa za barabarani" zinazokutokea kila dakika? Hapo ndipo zinapotoka mara nyingi. Tovuti imeona maombi mengi kutoka IP moja, ikadhani ni roboti, kumbe ni mtaa. Mwaka 2025 watafiti wa Cloudflare walichapisha kwamba IP za CGNAT hubanwa karibu mara tatu zaidi ya zile za kawaida, ilhali hazina roboti zaidi. Wahariri wa Wikipedia wa Afrika nao wamelalamika miaka kadhaa: unataka kuandika makala kuhusu mji wako, unaambiwa IP yako imefungiwa kwa uharibifu ambao hujawahi kuufanya. Kwa hiyo ukiona umefungiwa mahali na unajua hujakosa, usikimbilie kujilaumu. Hama laini, jaribu tena.

Hapa niguse kidogo wasee wa kazi za mtandaoni, maana najua mko wengi, kuanzia Tononoka mpaka Kisauni. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kampuni ya Marekani ya Scale AI, liliwafungia Wakenya ghafla. Watu walikuwa wanalipa kodi na ada ya wadogo zao kwa hizo kazi, wakaamka hakuna kitu. Tangu hapo soko la kununua akaunti za Wamarekani na kuzivalisha IP ya Marekani limenoga. Sitakuhubiria, njaa naijua. Lakini piga hesabu kama mfanyabiashara: akaunti si yako, kitambulisho si chako, njia ya malipo ni ya mtu mwingine, na IP uliyokodi inatumiwa na wengine kumi wanaofanya mchezo huo huo. Jukwaa likishtuka, pesa inabaki huko, na huna mahali pa kulalamika kwa sababu ukilalamika inabidi kwanza ueleze wewe ni nani. Aliyekuuzia akaunti ndiye pekee mwenye uhakika wa kuomoka.

VPN ya bure na kile kidude cha TV

VPN ndiyo jibu la kweli la swali la kubadilisha IP. Inachukua trafiki yako, inaifunga, inaitoa kwenye seva ya mahali pengine, na dunia inaona IP ya seva ile. Kampuni yako ya intaneti inaona tu kwamba unaongea na VPN. Safi. Lakini yale yote ambayo kampuni yako ilikuwa inaweza kuyaona, sasa anayaona mwenye VPN. Umehamisha imani tu, umetoa kwa kampuni yenye ofisi Nkrumah Road unayoweza kwenda kugombana nayo, ukampa mtu usiyemjua.

Na kama ni ya bure, jiulize analipiwa na nini. Mei 2024 Marekani ilivunja mtandao ulioitwa 911 S5 na raia wa China aitwaye YunHe Wang akakamatwa Singapore. Watu walikuwa wamepakua VPN za bure zenye majina matamu: MaskVPN, DewVPN, ShieldVPN, ShineVPN na nyingine. Ndani yake mlikuwa na mlango wa siri. Kompyuta yako ikiwaka, IP ya nyumbani kwako inakodishwa kwa wahalifu. Wizara ya Sheria ya Marekani ilihesabu IP zaidi ya milioni 19 katika nchi karibu 200, na wizi wa dola bilioni 5.9 kwenye mfuko mmoja tu wa misaada ya waliokosa kazi. Yaani msee alikuwa anadhani amebadilisha IP yake, kumbe IP yake ndiyo imeuzwa.

Rudia hiyo sentensi kichwani, kwa sababu ya pili iko sebuleni kwenu. Kile kidude cha Android cha TV, kisicho na jina la kueleweka, kinachofungua chaneli zote za mpira bila kulipa. FBI ilitoa onyo Juni 2025 kuhusu vidude vya namna hiyo, kwamba vingi vinakuja na virusi tangu kiwandani ama vinaambukizwa ukipakua apu zake siku ya kwanza. Mtandao huo unaitwa BADBOX 2.0. Mwezi uliofuata Google ilikwenda kortini New York ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeshaingia. Kazi yake kubwa? Kugeuza laini ya nyumbani kuwa njia ya wageni kupita. Mzee amekaa anatazama Arsenal, na nyuma ya skrini mtu wa bara jingine anajaribu paswadi za benki kwa IP ya mzee.

Dalili ziko: bando linaisha haraka, intaneti inakuwa nzito hata watu wamelala, kila tovuti inakudai uthibitishe wewe ni binadamu. Ukiona hivyo, chomoa kile kidude siku mbili, ulinganishe. Kuzima ruta usiku huo hakusaidii. Utapata IP mpya na mdudu yule yule ataanza kuichafua asubuhi.

VPN ya kulipia, yenye jina na iliyokaguliwa na watu wa nje, ni jambo jingine. Tor nayo ipo, ni ya bure na si ya biashara, ila ni ya polepole na kwa mpira sahau.

Waifai ya mbao

Sasa tufike pale panaponiumiza kichwa. Kuna nyumba nyingi kisiwani zenye laini moja ya faiba na wateja arobaini. Mtu amelipia kifurushi, ameweka ruta ya pili na kidude cha kurusha mawimbi, anauza tiketi za mbao kwa siku, finje kwa siku kadhaa. Bila hao, watoto wengi wasingefanya zoezi la shule. Mimi siwezi kuwaita wezi. Lakini kuuza intaneti bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, CA, ni kosa kisheria, na wenye biashara wengi hawajui hatari kubwa zaidi iko wapi. Iko kwenye jina.

Laini imeandikwa jina la nani? Lako. Mteja wa tiketi ya mbao akitapeli mtu Nakuru, akatuma vitisho, akaiba akaunti, kilichoandikwa kule ni IP yako na saa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 50, inampa polisi njia ya kwenda kortini kuomba amri kwamba kampuni itoe taarifa za mteja. Kifungu cha 52 kinahusu kukusanya data ya trafiki papo hapo, nacho kinataka mahakama. Kampuni ikiwa na CGNAT itaangalia kumbukumbu zake: IP hii, saa hii, mlango namba fulani, ilikuwa nyumba ya nani. Jibu litakuwa nyumba yako Makadara. Karao hatabisha kwa kijana wa tiketi. Atabisha kwako, na pengine atakayefungua ni mama.

"Ami, aliyeandika si mimi, ni mteja."

"Mteja gani? Jina?"

Hapo utajibu nini kama tiketi ulizikata kwa mkono bila kuandika chochote?

Kwa hiyo anayeuza, afuate mambo mawili. Atafute leseni ama ajiunge chini ya kampuni yenye leseni. Na atumie mfumo unaompa kila mteja namba yake na kuweka kumbukumbu ya saa za kuingia, kisha azilinde hizo kumbukumbu, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu na yeye pia. Usiziache kwenye kijitabu juu ya kaunta karibu na achari. Na wewe unayempa jirani paswadi kwa wema tu, weka mtandao wa wageni. Karibu kila ruta inao.

Najua kuna atakayesema: sheria inasema mahakama, lakini mtaani mambo yanaenda hivyo kweli? Swali halali. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya machapisho ya X kuhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi, akapelekwa Nairobi, akafa mikononi mwa polisi kituo cha Central. Mwezi huo huo mashtaka dhidi ya Rose Njeri, aliyetengeneza tovuti ya kusaidia watu kutuma maoni kuhusu Mswada wa Fedha, yalitupwa na mahakama baada ya yeye kulala rumande. Tarehe 15 Oktoba 2025 Rais Ruto akatia saini marekebisho ya ile sheria ya 2018 na kupanua nguvu za kufunga tovuti. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu zake kwa muda. Kwa hali hii mtu akitaka kujificha anapoandika ukweli, mimi simshangai. Ninachosema ni kwamba kuzima ruta si kujificha. Namba ya simu uliyofungulia akaunti, picha uliyoweka na mtaa wako nyuma, rafiki uliyemtumia kwa WhatsApp, hivyo vinakufikisha haraka kuliko IP.

Wakizima kabisa

Watu wetu wa Tanga na Zanzibar wametufundisha tofauti moja ambayo kila mtu wa pwani anafaa kuijua. Mei 2025 Tanzania ilifunga X. VPN zikafanya kazi, ingawa tangu Oktoba 2023 mamlaka yao, TCRA, iliagiza watumiaji wa VPN wajiandikishe. Lakini siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hapo VPN ilikuwa picha tu kwenye simu. Watu Mombasa walikuwa wanapiga simu kwa jamaa zao Dar bila kujua kama wazima. Uganda ilifanya vivyo hivyo Januari 2021.

Kufunga tovuti moja ni kuweka askari mlangoni, na VPN inapita dirishani. Kuzima ni kubomoa daraja. Huku kwetu tumeonja kufungwa: Telegram Novemba 2023 na tena 2024, sababu ikiwa mitihani ya KCSE. Na tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ilidorora nchi nzima siku moja baada ya CA kuahidi haitazima. Safaricom ikasema ni hitilafu ya nyaya mbili za baharini. Nyaya hizo hizo zinazotua kwetu.

Kitu cha kufuatilia sasa ni mswada ambao mbunge wa Aldai, Marianne Kitany, aliuleta 2025 kurekebisha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Unataka kampuni za intaneti zimpe kila mteja namba ya mita, kama ya stima, na matumizi yake yahesabiwe na taarifa zifikishwe CA. Wenyewe wanasema ni ili ulipe unachotumia. Soma ukiwa umevaa miwani. Leo IP yako inabadilika na mtaa mzima uko nyuma ya moja. Namba ya mita haibadiliki ukizima ruta, haijali CGNAT, wala haijui kama aliyekuwa mtandaoni saa nane usiku ni wewe, mdogo wako, ama mteja wa mbao aliyekaa ngazini nje kwa sababu mawimbi hayapenyi ukuta wa mawe. Inajua jina moja tu, lile la mwenye laini. Mbunge wako wa Mvita ana kura kuhusu hilo, na ofisi yake haihitaji VPN kufikika.